Maji Yatapatikana kwa Wingi Uwanjani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Tamasha la Muziki na Mahema, Mzee Athmani; waheshimiwa madiwani mliokubali kuja hapa Mji wa Kale kwenye joto hili; masheikh wetu na mapadri wetu; Ndugu Katibu tunayekuaga, Bwana Kamaludin, pamoja na jamaa zako; wapigaji wa fidla, wa kodiani na wa ngoma; mama zangu, dada zangu, na nyinyi nyote mliokosa viti mkaegemea ukuta: asalamu aleikum, na wote hamjambo.

Mimi ni Mwanakuu binti Jaffar, karani wa kamati. Kwa miaka mitatu nimepiga taipu kila neno aliloliandika Bwana Kamaludin, na mwaka jana, 1966, nililisoma pia kwenye kipaza sauti. Kwa hiyo nilipoambiwa nimsifu leo, kabla hajaondoka kwenda Nairobi kushika kazi ya kuandika maelezo ya wageni wa nchi nzima, sikushangaa. Ni nani amjuaye mwandishi zaidi ya yule anayemsahihishia herufi?

Wengi wenu mnaikumbuka karatasi ile ya Maelezo kwa Wageni. Vifungu kumi na vinne, karatasi nzuri, pembeni pamechorwa ala ya udi. Wazo lenyewe lilikuwa jema: familia zije na watoto wao, wapige mahema ufukweni kule chini ya Tudor, siku tatu za taarabu na beni na ngoma za bara, mama asibaki jikoni huku baba akienda kusikiliza peke yake. Nani angekataa?

Basi kifungu cha kwanza kilimtaka kila mgeni alete blanketi mbili nzito na soksi za sufu. Mombasa! Nilimuuliza Bwana Kamaludin soksi hizo ni za nini. Akanijibu kwa upole kwamba ameona karatasi ya kambi moja ya Ulaya, na wenzetu hawa wamefikiria mambo haya kwa muda mrefu. Nikapiga taipu. Na mnajua watu wa mji huu wanavyoheshimu maandishi: niliwaona kwa macho yangu kina mama wa Makupa wakishuka na mablanketi kichwani, jasho likiwatiririka.

Kifungu cha tano kiliagiza watoto wote wawe wamelala ifikapo saa mbili. Kifungu cha sita kikatangaza kwamba ngoma kubwa zitaanza saa mbili na nusu. Kifungu cha saba kilisema vyoo viko mwendo mfupi. Mwendo mfupi wa nani, waheshimiwa? Wa kijana mwenye baiskeli, au wa bibi mwenye magoti mabovu na wajukuu wanne wanaotaka kwenda wote kwa pamoja? Kifungu cha nane kilipiga marufuku majiko ya mkaa, na kifungu cha tisa kikawakumbusha akina mama kuwapa watoto uji wa moto.

Lakini lazima tumpe mtu haki yake. Kifungu cha tatu kilisema, nakinukuu kama kilivyo, "Maji yatapatikana kwa wingi uwanjani." Katika vifungu vyote kumi na vinne, hicho ndicho kilichotimia sawasawa.

Siku nne kabla ya tamasha tulikwenda kuukagua uwanja. Tulikuwa Bwana Katibu na ramani yake, mimi na daftari langu, na Bi Mejumaa Gunga, mzaliwa wa Kaloleni, ambaye kamati ilimwajiri kufyeka majani na kufagia. Yeye alikuwa ameshinda pale wiki tatu. Alimngoja Bwana Kamaludin amalize kuonyesha hema namba moja litakuwa wapi na namba arubaini litakuwa wapi, halafu akasema:

"Bwana Katibu, huku chini pasipigwe hema. Mashimo haya ni ya kaa, na hii iliyoota ni mboga-pwani, haioti ila penye maji ya chumvi. Wakati wa bamvua maji hufika mpaka pale juu kwenye kisiki."

Mimi ni mtoto wa kisiwa hiki. Nilijua kwamba bamvua huja na mwezi mpevu, na nilijua kwamba Bwana Kamaludin alizichagua siku za mwezi mpevu makusudi, ili uwanja upendeze na taa zisitumike nyingi. Nilijua yote mawili. Bwana Kamaludin akamjibu:

"Mama, wewe umeajiriwa kufagia. Ramani imekwisha chorwa."

Nami nikaandika kwenye daftari kwamba uwanja umekaguliwa na unafaa.

Jumamosi ikafika. Saa tisa na nusu alasiri familia arubaini zilikuwa zimetulia, wanamuziki wanakaza nyuzi, watoto wanakimbizana baina ya kamba za mahema. Maji yalianza kuingia polepole, chini ya majani, bila wimbi wala kelele. Mtu wa kwanza kuyaona alidhani jirani yake amemwaga ndoo. Ilipofika saa kumi, safu nzima ya chini ilikuwa majini, na mablanketi mazito ya kifungu cha kwanza yalikuwa yamelowa hata hayabebeki.

Watu wakaanza kutafuta njia ya kutoka kwenye ua wa uwanja. Mlango wa juu, unaotokea barabarani, ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa sababu kamati haikutaka mtu aingie bila tikiti. Mlango uliokuwa wazi ni ule wa ufukweni, ambako ndiko maji yalikotokea. Mimi na Bwana Kamaludin tulikuwa jukwaani, pakavu. Akafungua karatasi yake, akanionyesha kifungu cha kumi na moja, akaniambia nisome. Nikasoma: itokeapo dharura, kila familia ibaki kwenye namba yake mpaka itakapotangaziwa vinginevyo. Akaniambia nirudie. Nilikisoma mara tatu.

Katika hema namba thelathini na moja, chini kabisa, alikuwamo Wanza, mke wa Mutunga, fundi wa magari kule Makupa. Alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minne. Mumewe alikuwa ametoka kwa mlango wa ufukweni, akazunguka kwenda kupanga foleni ya maji ya kunywa kwenye bomba la barabarani, kwani maji yale ya kifungu cha tatu kumbe yalikuwa huko nje. Wanza akasikia tangazo, akakaa. Akampandisha mtoto juu ya sanduku la nguo. Maji yakamfika magotini, akakaa. Yakamfika mapajani, na sanduku likaanza kuelea.

Bi Mejumaa hakungoja tangazo. Alichukua sululu, akapanda mpaka mlango wa juu, akapiga kufuli mara mbili likavunjika, akaliacha lango wazi na watu wakaanza kumiminika barabarani. Kisha yeye akashuka. Nilimwona kutoka jukwaani akienda kinyume cha watu wote, hema kwa hema, akiinua kila pazia na kuchungulia. Alipofika thelathini na moja alimtia yule mtoto ndani ya karai lake la kuzolea takataka, akajitwika kichwani, akamshika Wanza mkono, na wakatoka hivyo, taratibu, maji yakiwa kiunoni. Mutunga aliwakuta langoni. Aliweka chini debe lake la maji, akampokea mtoto kutoka karaini.

Alhamdulillahi, hakufa mtu. Na sasa naomba msikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo kipaji cha Bwana Kamaludin kilipong'aa. Jumatatu aliniletea ripoti niipige taipu. Ilisema kwamba kwa busara na utulivu wa Katibu, wageni wote walihamishwa salama. Mchana huohuo akaniletea barua ya pili: Mejumaa Gunga ameachishwa kazi kwa kuvunja kufuli la kamati bila idhini. Nilizipiga taipu zote mbili kwa karatasi ileile ya kaboni. Ripoti ikapanda Nairobi, na ndiyo iliyompatia kazi mpya. Barua ikashuka Tudor.

Ndugu zangu, Bwana Kamaludin si mtu mbaya. Baba yangu alipofariki alikuja matangani siku zote tatu na kukaa mpaka mwisho. Nasema hivi ili msidhani nimekuja kumtolea chuki. Lakini mtu mwema anayeandika asichokijua, na karani anayejua na akapiga taipu, wanaweza kumzamisha mtoto wakiwa wamevaa nguo safi.

Mwezi uliopita nilikwenda Makupa kumwomba radhi Wanza. Alinikaribisha, akanipa chai, kisha akaniambia:

"Nilikusikia wewe, dada. Sauti yako ilikuwa tulivu, nikasema, huyu anajua."

Sikukimaliza kile kikombe. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Liwatoni, ambako Bi Mejumaa siku hizi anaparua samaki, nikamwomba atusaidie maelezo ya tamasha la mwaka huu. Alinisikiliza huku kisu kikienda. Akasema maelezo atatoa, lakini kwanza barua ile ifutwe, kwa sababu kila anapoomba kazi ya halmashauri au ya shule huulizwa alivunja nini.

Nikampa ahadi, naye maelezo ametoa. Ni ukurasa mmoja, mnao mapajani mwenu, na mmekuwa mkijipepea nao tangu niliposimama. Mahema yatapigwa kuanzia kile kisiki kwenda juu. Milango yote miwili itakuwa wazi, mchana na usiku, na kila mlango utakuwa na mtu. Bomba limevutwa mpaka ndani. Majiko ya mkaa yanaruhusiwa upande ambao upepo hautapeleka cheche kwenye mahema. Vyoo viko hatua mia na ishirini kutoka hema la mwisho. Amezihesabu mwenyewe, akiwa ameshika mkono wa mjukuu wake. Mtoto akitaka kulia, alie. Soksi hazihitajiki.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hotuba niliyoandikiwa niisome leo iko mezani, na mwenyewe Bwana Kamaludin ataweza kuisoma njiani kwenda Nairobi. Mimi nimekuja na karatasi nyingine. Ni barua fupi. Inasema kwamba Bi Mejumaa Gunga alivunja kufuli kwa sababu ndani kulikuwa na watu, kwamba kamati ilikosea kumwachisha, na kwamba mwaka huu yeye ndiye msimamizi wa uwanja. Inahitaji sahihi yako tu. Naileta hapo ulipo, mbele ya watu hawa wote, kwa sababu nikikuletea ofisini najua itangoja.

Miwani yako iko mfukoni, Mzee. Mfuko wa kushoto.

Naam. Na hapa chini, tarehe.

Ahsante, Mheshimiwa. Bi Mejumaa, najua uko nje barazani, kwa maana kadi za mwaliko nilizipiga taipu mimi na jina lako halikuwamo. Ingia, mama. Kina mama wa safu ya mbele, msogezeeni nafasi. Shika barua yako, na usiikunje bado, wino haujakauka.

Bwana Kamaludin, safari njema, na Mungu akujaalie huko uendako kuwe na mtu wa kufagia utakayemsikiliza. Nanyi nyote mliosimama na mlioketi, ahsanteni sana kwa masikio yenu na subira yenu.