Sista Everline Komora, Aliyewafundisha Watoto Kukaa na Mgonjwa

Mimi ni Jairus Komora, mdogo wake marehemu. Kamati ya mazishi imenipa kazi hii kwa sababu katika watoto wa mama yetu nimebaki peke yangu. Nimeandika karatasi hizi mara tatu na kuzichana mara mbili. Mtanivumilia, maana kuna mahali katika maisha ya dada yangu ambapo hata sasa sielewi, na nimeona heri niseme hivyo kuliko kuwasomea maneno mazuri ambayo siyaamini.

Everline alizaliwa hapa Hewani, mtoto wa tatu wa Mzee Komora na Mama Rosina. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1961. Mama naye alishikilia mpaka mwisho kwamba alimzaa wakati mafuriko makubwa yameingia jikoni, na mafuriko hayo yalikuja mwisho wa mwaka. Basi ama alikufa na miaka sitini na minne, ama sitini na mitatu. Kwenye msalaba tumeandika mwaka tu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1975, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979. Mwaka 1981 alikwenda Mombasa kusomea uuguzi. Mwezi wake wa pili wodini alifiwa na mgonjwa mikononi, na hakuna mtu aliyemuuliza neno. Alipanda basi hadi Garsen na sare yake ya chuo, akafika nyumbani akasema ameachana na uuguzi. Baba alidai yeye ndiye aliyemrudisha chuoni. Everline alidai alirudi mwenyewe baada ya kulala siku mbili na kula wali wa mama. Niliwasikia wakibishana kuhusu jambo hilo zaidi ya miaka ishirini, na mimi niliyekuwapo sikumbuki nani alisema kweli.

Alihitimu mwaka 1984. Alifanya kazi Garsen, kisha Ozi, kisha miaka sita kule Nanighi, alikojifunza Kiorma cha kutosha kugombana na watu sokoni. Alimaliza utumishi katika zahanati yetu na kustaafu mwaka 2021. Wengi mlioketi hapa aliwapokea yeye mkizaliwa, na wengine aliwachapa makofi kidogo kwa kuchelewesha chanjo za watoto wenu.

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na Zadock Buya, seremala, mtu mwenye kifua kipana aliyekuwa akitoroka kwa mlango wa nyuma akiona sindano. Everline alimtibu malaria kwa vidonge miaka yote ya ndoa, akimwambia kwamba yeye ameolewa na mgonjwa wa dawa za mdomo tu. Zadock alifariki mwaka 2009. Walipata watoto wawili, James na Rosina.

Sasa nije kwenye hao vijana wa Jumamosi. Mwaka aliostaafu, msichana wa Ozi aitwaye Bahiya alianza kusomea uuguzi, akaona mtoto mchanga akifa, akarudi kwao na kujifungia ndani miezi sita. Alama zake zilikuwa nzuri kuliko za wote. Everline alikwenda kumtembelea, akarudi amekasirika, akaniambia, "Tunawafundisha hawa watoto kufaulu mtihani. Hakuna anayewafundisha kurudi kazini kesho yake."

Akaanza kukusanya vijana wa sekondari waliotaka kuwa wauguzi na madaktari. Kila Jumamosi aliwapeleka kwa mgonjwa aliyekubali, mzee wa kiharusi au mama mwenye saratani, na kila kijana alikaa naye saa nzima. Hakuna kuandika, hakuna simu, hakuna kuinuka kabla saa haijaisha. Yeye mwenyewe alikaa ukumbini. Baadaye walirudi kwake wakala samaki na ugali, na baada ya kula kila mmoja alisema aliloliona na alivyojisikia. Aliyezirai au kukimbia hakufukuzwa. Aliambiwa aje Jumamosi ijayo. Kijana mmoja, Dida, alimlalamikia, "Sista, mimi nilikuja kujifunza kudunga sindano, si kukaa kama mgeni." Everline akamjibu kwamba sindano atafundishwa chuoni kwa wiki moja. Bahiya naye alijiunga nao, na mwaka 2023 akarudi chuoni. Mimi nilimcheka dada yangu, nikasema amefungua shule ya kukaa bure. Mmoja wa vijana hao alikuwa binti yangu Maurine.

Septemba mwaka jana tumbo lilianza kumsumbua. Hospitalini Malindi walimwambia ni saratani ya ini. Mwezi wa pili mwaka huu alisema apelekwe nyumbani, akaita vijana wake saba, akawapangia zamu za kukaa naye. Nilikataa. Nilimwambia wazi kwamba watoto si wa kuangalia mtu akifa. Akanijibu, "Jairus, wewe unanionea huruma mpaka nachoka. Hawa wananiangalia." Nilinuna siku nne. Sijui kama alikuwa anawafundisha au alikuwa anaogopa kuwa peke yake. Nilipomuuliza alisema hata yeye hajui.

Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025. Maurine, mwenye miaka kumi na saba, alitoka shule na kuanza zamu saa kumi alasiri. Mimi nilikuwa nje nikitengeneza mlango wa banda la kuku, hatua thelathini kutoka kitandani. Saa kumi na moja kamili alitoka akasema, "Baba, shangazi ametuacha." Nikauliza ni sasa hivi? Akasema, "Saa kumi na robo."

Dakika arobaini na tano. Mtoto wangu alikaa na maiti ya dada yangu dakika arobaini na tano bila kuniita, kwa sababu saa ilikuwa haijaisha. Nilimfokea mbele ya majirani. Nilimwambia ameninyima kumuaga mtu wa mwisho wa tumbo la mama yangu. Siku iliyofuata aliwaambia wenzake kwamba hataki tena uuguzi, na tangu hapo hatukuzungumza.

Jumanne kamati ilinidai wasifu. Nikaona siwezi kuandika aya ya kifo bila kujua kilichotokea chumbani, na anayejua ni mmoja tu. Nilimkuta akiosha vyombo. Nikamwomba anisimulie. Akasema, "Aliniomba maji, nikamlowesha midomo. Halafu pumzi ikawa inakawia, ikaacha kurudi. Nilimfumba macho. Nilitaka kukuita, Baba. Lakini nilijua ukiingia nitakuwa mtoto, nitakukimbilia wewe, na yeye ataachwa." Kisha akaniuliza, "Nilikosea?"

Nilisema sijui. Akasema, "Hata mimi sijui." Tukasimama hapo na masufuria. Nililia mimi kwanza, na binti yangu akanishika mkono wala hakuniambia ninyamaze.

Nimefikiria jambo hili siku nne mfululizo na limenizidi. Saa nyingine naona dada yangu alimtwika mtoto mzigo mkubwa mno. Saa nyingine naona hakuna mtu kijijini hapa, mimi nikiwamo, ambaye angeweza kubaki chumbani mle bila kukimbia. Maurine hajasema kama atarudi kwenye uuguzi, nami sijamuuliza. Nilimwomba radhi, akaitikia kwa kichwa.

Marehemu ameacha watoto wake James na Rosina, wajukuu watano, ndugu mmoja ambaye ndiye mimi, na vijana saba wa Jumamosi: Bahiya, Dida, Jaldesa, Levi, Mansur, Tuneya na Maurine. Wengine kwenye kamati walisema vijana hao si jamaa, wasiandikwe. Nimewaandika.

Kwa desturi yetu, tukishamfukia mtu, mnapanga mstari kuja kumpa pole mkubwa wa familia, na leo mkubwa ni mimi. Nawaomba msianze na mimi. Yuko pale kwenye mstari wa pili, amevaa sketi ya shule kwa sababu hana nyingine nyeusi. Yeye ndiye aliyekuwa na Everline. Anzeni na yeye, kisha mje kwangu, nitasubiri.

Mungu amlaze dada yetu mahali pa amani.