Damu ya Mbuzi Chini ya Shangingi

Kijiwe cha Mwanamkasi, muuza kahawa, kiko Ngamiani, Tanga, pembeni mwa duka la Mohamedhussein, ambapo ukuta hutoa kivuli mpaka adhuhuri. Benchi moja, dele moja la kahawa, na maneno yasiyokwisha. Zama zile za foleni za sabuni watu walikaa hapa kulalamika kwamba hakuna kitu. Siku hizi kila kitu ruksa, maduka yamejaa, na watu ni walewale, benchi ni lilelile, wanalalamika. Gumzo la sasa ni shangingi la Mohamedhussein, gari kubwa jipya, limeshuka melini kutoka Dubai, wala halina klachi, gia linajibadilishia lenyewe. Aliuza shamba la Pongwe na vyerehani vyake vyote alinunue, si kwa fahari, jamani, bali kwa ajili ya macho ya mkewe Sakinabai, ambayo mtoto wa jicho ameyafunika yote mawili. Daktari wa macho yuko Moshi mpaka keshokutwa, kisha anarudi kwao Ujerumani. Safari ni kesho alfajiri. Na gari, tangu juzi, limeingia ukaidi.

Mohamedhussein alijitupa kwenye benchi akashusha pumzi.

— Nakanyaga mafuta, linavuma tu. Linakaa, linafikiri weee, ndipo linakwenda.

— Shikamoo kwanza, Bwana Mamedi, alisema Laurenti, aitwaye Stelingi kwa kuwa aliendesha malori ya mkonge mpaka shamba likafa.

— Marahaba. Nimechoka, Laurenti.

— Gari zima hilo. Mwenda pole hajikwai.

— Mie nataka liende, wewe waniambia habari za kujikwaa!

Idarusi, karani mstaafu wa posta, aliweka kikombe chini. Walimwita Ripota, maana habari zake hakuna redio iliyowahi kuzitangaza.

— Yakhe, gari geni hilo. Limetoka jangwani. Hewa yetu ya chumvi imelitia mafua.

— Dubai nako si pwani? aliuliza Mohamedhussein.

— Pwani yao kavu.

— Tatizo klachi, alisema Stelingi. Mguu wa kushoto ndio unaoliamuru gari. Wewe wako umeupa likizo, sasa gari limjueje bwana wake?

— Acha hayo, alidakia Ripota. Wenye viwanda wanatia kitu ndani, muda ukifika gari lijifie, ununue jingine. Ndiyo biashara huria hiyo!

— Na ile damu, je? aliuliza Mwanamkasi, akimimina.

Siku shangingi lilipofika, kijiwe kizima kilimshikilia Mohamedhussein achinje mbuzi. Akachinja, palepale mbele ya gari, damu wakairushia matairi mpaka uvunguni. Ripota akaonya lisioshwe kamwe, damu ya kafara idondoke yenyewe. Na kweli, kila asubuhi chini ya gari palikuwa na dimbwi jekundu, naye Mohamedhussein akilifukia kwa mchanga huku akisema bismillahi.

— Leo imezidi, alisema.

— Ndiyo kawaida yake! Damu nzito kuliko maji, haikauki ovyo, alijibu Ripota. Kafara bado linafanya kazi.

— Au limepungua, alisema Stelingi. Dude kubwa lile, mbuzi mmoja! Linadai ng'ombe.

— Tena mweupe, aliongeza Ripota.

Mohamedhussein alijiona anawaza ng'ombe mweupe atampata wapi kabla ya magharibi, akajionea aibu, kisha akaendelea kuwaza.

Hapo Sakinabai akatoka dukani, mkono ukipapasa ukuta, halafu ubavu wa gari. Akasimama ghafla.

— Nimekanyaga nini? Ndara inateleza.

— Damu ya mbuzi, Mama Masuma, alisema Ripota kwa adabu.

— Mbuzi gani?

— Yule wa gari.

Sakinabai aliinama, akagusa, akasugua kwa vidole.

— Yule si tulimla, hata supu yake tumeisahau? Mpaka leo anatoka damu ya wapi?

Stelingi alipiga magoti, akachovya kidole, akanusa. Oili ya gia aliyoijua yeye ilikuwa nyeusi. Lakini harufu haikumdanganya.

— Oili, alisema taratibu. Ya gia. Kumbe gari lisilo na klachi yake nyekundu, nayo imekwishia mchangani, ndiyo maana haliendi.

— Inauzwa wapi? aliuliza Mohamedhussein.

— Nyekundu hii? Mie hapa Tanga sijaiona.

Mohamedhussein alitazama viganja vyake. Ni yeye aliyeifukia, kila asubuhi, kwa mikono hii hii.

— Baba Masuma, alisema Sakinabai akimtafuta kwa mkono, kwa hiyo kesho nakwenda na nini?

Mwanamkasi aliinamisha dele, yakatoka machicha matupu. Mohamedhussein alichutama mbele ya mkewe, akamvua ile ndara, akaanza kumfuta unyayo kwa pindo la kanzu yake, na pindo likawa jekundu.