Madam Farhiya Yaseen Anaiacha Meza ya Kompyuta Kuukuu

Mwisho wa mwezi huu wa Oktoba, Bi Farhiya Yaseen anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Kompyuta cha Jamii cha Bondeni kwa miaka ishirini na sita. Wateja wengi hawalijui jina lake kamili. Humwita Madam Farhiya, na wanapofika mapokezi na mashine iliyofungwa kwa leso au kutiwa ndani ya gunia, huuliza swali moja tu: yuko?

Alizaliwa hapa hapa Nakuru, katika familia ya Kiislamu iliyoletwa huku na babu yake, aliyetoka Lamu kuja kufanya kazi ya reli. Alisomea elektroniki chuoni Nairobi, akafanya kazi kidogo katika duka la redio na runinga, kisha akajiunga nasi wakati kituo kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha bovu. Ni mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Anayeweka kikombe cha chai kando ya kibodi hatasahau siku hiyo.

Kazi yake ilikuwa kompyuta kuukuu za nyumbani. Watu walizileta kutoka Rhonda zikiwa zimejaa unga wa kinu cha kusagia mahindi, na kutoka milimani zikiwa na unyevu wa baridi. Wengi walikuwa wameshaambiwa mahali pengine kwamba dawa ni kununua mpya. Madam hakukubali upesi. Kwanza alinakili kila kitu cha mteja kwenye diski nyingine, kabla hajagusa chochote. Halafu alifungua kasha, akapuliza vumbi, akaondoa programu zinazojiwasha zenyewe bila mtu kuziita, na ile diski ya zamani inayozunguka akaibadilisha kwa mpya isiyozunguka. Mara nyingi hilo la mwisho peke yake lilitosha kumfanya mwenye mashine ashike kichwa kwa mshangao. Mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao watengenezaji wake wameshauacha, hakuruhusu ubaki ndani ya mashine inayoingia mtandaoni. Aliuondoa, akaweka mfumo huria mwepesi usiolipiwa, kisha akaketi na mwenye mashine hadi akauzoea.

Mzee Jonah wa Dundori, mkulima wa viazi, alileta mashine yake akilalamika kwamba inanguruma kama lori linalopanda mlima. Ndani yake panya alikuwa amejenga kiota cha nyuzi za gunia. Madam alimwita mzee ajionee.

“Mzee, hii si virusi,” alimwambia. “Huyu ni mpangaji.”

Mzee Jonah alicheka hadi akavua kofia. Mashine hiyo ingali inafanya kazi, na kila Krismasi gunia la viazi hufika hapa mapokezi likiwa limeandikwa jina la Madam.

Jambo ambalo hakulifanyia mzaha kamwe ni faragha ya mteja. Mtu alipokuwa akiandika pasiwadi yake, Madam aliugeuza uso wake ukutani. Ukimwomba akuhifadhie pasiwadi hiyo, alikataa. Wakati mmoja Bi Shiru, ambaye leo ndiye mkuu wa kitengo cha ukarabati, alikuwa mgeni kazini, akawageuzia wenzake skrini waone picha ya harusi iliyomchekesha ndani ya mashine ya mteja. Madam aliinuka akaizima skrini.

“Mtu ametukabidhi nyumba yake tumrekebishie paa,” alisema. “Hatujaambiwa tuingie chumbani.”

Shiru anasema maneno hayo ndiyo yaliyomfanya fundi. Lakini kisa kinachoonyesha Madam Farhiya ni mtu wa namna gani, sisi wenzake tumekijua juzi tu. Tunakisimulia kwa sababu mwanamke aliyesaidiwa ametupa ruhusa, na ameomba jina lake litajwe.

Mwaka wa 2017 alikuja mwanamke kijana kutoka Kabazi, mwalimu wa chekechea, jina lake Cate. Alibeba kasha la kompyuta mgongoni kama mtoto. Ilikuwa inakwama sana, alisema, tangu mumewe alipoitengeneza nyumbani. Madam alimketisha kando yake kama alivyowaketisha wote. Akaiwasha, akaangalia ni programu zipi zinaamka pamoja na mashine. Alichomoa waya wa mtandao, akasimama, akamwambia Cate, “Mama, njoo tuongee huku nyuma.” Walikaa chumba cha stoo muda mrefu. Cate alipotoka alikuwa amejifunika uso kwa shela ya Madam. Hakuondoka na ile kompyuta.

Kesho yake mumewe alifika. Hatutamtaja jina, Cate hakutaka.

“Kuna mashine ya nyumbani kwangu hapa,” alisema. “Bibi yangu aliileta. Nipatieni.”

“Aliyeileta ndiye atapewa,” Madam alijibu.

“Madam, hiyo kompyuta nilinunua mimi.”

“Sawa. Kuja na yeye.”

Yule bwana akaipiga kaunta kwa ngumi. Meneja wetu, Bw. Kipchirchir, alitoka ofisini, akamtambua mara moja, kwa maana walikuwa wazee wa kanisa moja. Walisalimiana kwa mkono. Kisha Bw. Kipchirchir akamgeukia Madam kwa upole.

“Farhiya, mpe mtu mashine yake aende.”

“Haiko hapa, bosi.”

“Iko wapi?”

“Siwezi kusema.”

Hakusema siku hiyo wala baadaye. Kamati ya kituo ilimwita. Aliulizwa kama ameiuza, akasema hapana. Aliulizwa iko wapi, akanyamaza. Alikuwa karibu kupandishwa cheo kuwa mkuu wa ukarabati. Badala yake aliondolewa mezani akapelekwa darasani kufundisha wanaoanza kuchapa, na cheo akapewa Shiru. Mitaani maneno yakaenea kwamba Madam Farhiya hung'oa vipuri vya watu. Dada yake, Shukri, aliyasikia sokoni, kutoka kwa mwanamke aliyemfahamu tangu utotoni. Shukri ametuambia kwamba siku hizo Madam alikuwa akirudi nyumbani, anaswali, kisha anakaa na kikombe cha chai mkononi mpaka chai inapoa. Shukri alipomsihi ajitetee, jibu lilikuwa, “Si jambo langu.”

Yule bwana alirudi mara kadhaa. Alimsubiri Madam langoni, akamfuata hadi msikitini. Mwishowe alichoka, au alielewa kwamba hatapata neno kutoka kwake.

Ulipita zaidi ya mwaka. Wateja walifika, wakaambiwa Madam hayuko mezani, wakabeba mashine zao wakarudi nazo nyumbani. Shiru mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Bw. Kipchirchir.

“Bosi, kazi naijua,” alisema, “lakini watu wanamwamini yeye. Hata mimi.”

Madam akarudishwa mezani, lakini chini ya Shiru, binti aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika bisibisi. Hakuna aliyewahi kumsikia akinung'unika. Alimwita mkuu wa kitengo mbele ya wateja, na akamwomba ruhusa alipotaka kutoka mapema.

Mwezi uliopita, mama mmoja nadhifu alisimama hapa mapokezi, ambapo nakaa mimi. Alisema amesikia Madam Farhiya anastaafu, naye ametoka Subukia kuja kumuaga. Madam alikuwa ameenda kuswali. Tulipokuwa tukimngoja, tukapiga soga. Nikamwambia kwamba Madam angestaafu akiwa mkuu wa kitengo kama si ile kompyuta iliyopotea miaka hiyo.

“Kompyuta gani?” aliuliza.

Nikamwelezea. Alitafuta kiti akaketi.

“Hiyo mashine haikupotea,” alisema. “Ilikuwa yangu. Ninayo hadi leo.”

Akanisimulia. Siku ile Madam alikuta ndani ya mashine programu iliyojificha, iliyokuwa ikinakili kila herufi anayoandika Cate na kuituma kwa mumewe. Ndiyo iliyokuwa ikiilemea mashine. Kwa miezi mingi Cate alikuwa amejiuliza mumewe anajuaje kila alichomwandikia dada yake, hata kabla barua pepe haijajibiwa. Alipomwandikia kwamba anataka kuondoka, alipigwa usiku huo huo. Alama zilikuwa bado shingoni.

Kule stoo Madam hakumwambia aache au asiache ndoa yake. Alimwambia asibadilishe pasiwadi yoyote kwa kutumia mashine ile wala simu aliyonunuliwa na mumewe, kwa sababu mpya zingemfikia mumewe kama zile za zamani. Alimfungulia anwani mpya ya barua pepe kwenye mashine safi ya kituo. Akamwonyesha jinsi ya kuzima kile kinachoonyesha simu iko wapi. Programu ile hakuifuta. Alihifadhi nakala yake, endapo Cate angetaka kwenda polisi. Kisha akauliza, “Uko na pahali pa kulala leo?”

Cate alikuwa na shangazi huko Rhonda, na mwanawe mdogo alikuwa tayari kwa huyo shangazi. Jioni hiyo Madam aliibeba kompyuta mwenyewe, akampelekea hadi mlangoni. Huko Cate alimwomba kitu kimoja.

“Usiambie mtu. Hata bosi wako. Wanaombea pamoja Jumapili.”

Madam alikubali. Baadaye, nje ya saa za kazi, aliifuta mashine yote, akaiwekea diski mpya na mfumo mwepesi. Cate alijifunzia uchapaji humo. Alipiga ripoti polisi, akapata amri ya mahakama ya kumlinda, akahamia Subukia, na leo huzichapia shule za huko mitihani. Mashine ni ile ile. Jambo ambalo hakulijua hadi siku hiyo ni gharama aliyolipa aliyemsaidia. Kila walipoongea kwa simu na akauliza kazi inaendeleaje, Madam alimjibu kwamba inaendelea vizuri.

Madam aliporudi kutoka kuswali alimkuta Cate analia na mimi nimesimama sijui la kufanya. Alielewa. Akaniangalia, kisha akamwambia Cate, “Sasa wewe unalia nini, na watu wako hapa?”

Cate ndiye aliyetaka kumwona meneja. Walizungumza mlango ukiwa umefungwa. Bw. Kipchirchir alipotoka alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Madam na kusimama mbele yake kama mteja.

“Farhiya, mbona hukuniambia?”

“Ungeulizwa kanisani, bosi,” alijibu. “Na wewe hujui kudanganya.”

Bw. Kipchirchir aliuinamisha uso. Kisha alituita wote, akatueleza mbele yake kwamba Madam Farhiya hakupoteza mashine wala kuiuza, kwamba yeye meneja alimhukumu bila kujua, na kwamba anamwomba msamaha. Alisema pia kwamba cheo alichonyimwa hakiwezi kurudishwa kwa miaka iliyopita, naye hatajifanya kwamba kinaweza. Madam alimpa mkono. Baada ya hapo akatukumbusha kwamba kuna wateja wanangoja.

Tangu siku hiyo kituo kina kanuni mpya: mashine hurudishwa kwa aliyeileta, na fundi anayegundua mtu anachunguzwa kwa siri atamwambia mhusika peke yake, faraghani, wala hataulizwa zaidi. Kanuni hiyo imeandikwa na Shiru.

Katika darasa lake la mwisho, wiki jana, wenyeji walimwuliza la kuwaachia. Aliwaambia wasiogope mashine kuukuu, waogope mashine isiyosasishwa. Kila mtu wa nyumbani, alisema, awe na akaunti yake, na hata mume na mke waachiane nafasi ya kuandika bila kuchunguliwa. Simu ikiita na mgeni akadai kompyuta yako ina virusi, kata. Na nakala za picha za wapendwa wenu ziwe mahali pawili, kwa sababu diski hufa bila kuaga. Mzee mmoja alimwuliza kama hatawakumbuka. Alijibu kwamba atawakumbuka sana, ila wasimletee kompyuta nyumbani.

Anakwenda kuishi na Shukri huko mtaa wa Section 58, ambako wamelima sukuma wiki na mawaridi uani. Ametuambia anataka kulala tena baada ya swala ya alfajiri, kitu ambacho hajawahi kukifanya siku ya kazi.

Madam Farhiya, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa ukali wako uliotufundisha, na kwa miaka ile uliyobeba fedheha isiyokuwa yako ili mama mmoja na mwanawe walale salama. Tulikaa nawe chumba kimoja na hatukujua. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi mtamu na watu wa kukuheshimu kila uendako. Maisha yako na yawe mema, mama yetu.

Odongo,
Mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote