Fundi Milimita na Tairi la Ubavuni

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, fundi mkuu wa karakana ya makumbusho yetu anastaafu. Wote tunamwita Milimita, naye huitika. Mimi ni mwandishi wa vibao vya maelezo, nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na nimeomba mwenyewe kuandika wasifu huu kwa sababu nina jambo la kumwomba radhi hadharani.

Aliajiriwa kuwa mchomeleaji. Kabati zote za vioo za ukumbi wa chini ni kazi yake, pamoja na ngazi ya nyuma na meno ya yule mamba aliyekaushwa, ambayo wageni wameyang'oa mara tatu na mara tatu akayachonga upya. Mkewe anasimulia kwamba hata pazia la sebuleni lilipimwa siku mbili, na bado likaburuzika chini. Milimita anashikilia kuwa ukuta ndio uliokosea.

Mwaka huu mkurugenzi alimpa kazi ya mwisho. Ukumbi mpya uko ghorofani, na lile gari la deraya lililoko uani haliwezi kupanda ngazi. Kwa hiyo ulihitajika mfano wake mdogo, uliopunguzwa mara thelathini na tano, wa kuwekwa mlangoni. Yaletwe maboksi ya vipande vya plastiki, achague moja, aunganishe.

Yalikuja matatu. La kwanza lilikuwa na picha ya moto na moshi, sote tukalishangilia. Milimita akapima bodi na kukuta imepungua milimita tatu, ambazo kwenye gari halisi ni zaidi ya sentimita kumi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. La pili lilikuwa na boneti ya toleo la baadaye. Akachagua la tatu, boksi lililopondeka, plastiki imevuja kila ukingo na matairi yake kama vifungo vya koti. Tulimcheka. Yeye alisema sura mbaya hurekebishwa kwa msasa, lakini mifupa ikikosewa hakuna msasa wa kuiokoa.

Akaingia kazini. Madigadi ya plastiki aliyatupa, akakata mengine kwenye bati la kopo la maziwa. Vishikio vya milango vilitokana na waya wa simu mbovu ya mapokezi, na dada wa mapokezi mpaka leo anadai simu haikuwa mbovu kiasi hicho. Turubai aliifanya kwa karatasi laini iliyochovywa kwenye gundi. Ribiti, vile vichwa vya pini za kuunganishia mabati, alizibandika moja moja kwa ncha ya sindano, mia mbili na kumi na mbili kwa hesabu yake. Kila kipimo alikitoa kwenye gari la uani kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki tatu kabla ya ufunguzi tuliuweka mfano mapokezi kwa majaribio. Siku hiyo akaja mzee mmoja, dereva mstaafu wa jeshi, akiwa na binti yake. Aliliendesha gari hilihili kabla halijaletwa kwetu. Aliutazama mfano, akasema tairi la akiba haliko mahali pake. Halikuwa nyuma, lilikuwa ubavuni kulia, chini ya mlango. Siku injini iliposhika moto alikanyaga tairi hilo kushuka, huku amembeba kamanda wake mgongoni.

Binti yake alinivuta pembeni kwa adabu, akaniomba nimwie radhi baba yake. Nyumbani wamekisikia kisa hicho miaka yote, lakini kila wakija hapa wanaliona tairi liko nyuma, basi siku hizi humwitikia tu, ndiyo Baba, yaishe. Nami, badala ya kumsikiliza mzee, nilimwambia kwamba kibao changu kimeandikwa kwa vipimo. Mzee alivaa kofia yake akaondoka.

Wakati wa chai nilimsimulia Milimita kisa hicho kama kichekesho. Hakucheka. Aliacha kikombe, akachukua kikwanguo chake cha rangi, akaenda uani. Ubavu wa kulia, chini ya rangi zetu wenyewe tabaka kwa tabaka, akafukua visiki vinne vya chuma kilichokatwa. Alivitambua, akasema wazi kuwa aliyevikata ni yeye. Mwezi wake wa pili kazini gari lililetwa likagoma kupita getini kwa upana wa kiganja. Mkuu wa wakati ule akaamuru kishikio cha ubavuni kikatwe kwa grenda na tairi lifungwe nyuma, kwa muda tu. Kwa muda tu ikawa miaka thelathini na minne, na Milimita akalisahau, kisha akaja kulipima kosa lake mwenyewe bila kupoteza hata milimita moja.

Mkurugenzi alimshauri aliache: hakuna mgeni atakayejua, na yeye anakaribia kupumzika. Mimi niliunga mkono, maana vibao vilikwisha chapishwa. Alikataa bila kupandisha sauti. Alipobandua tairi la nyuma la mfano, mlango wa nyuma ukavunjika na madigadi mawili yakapinda. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, akasema, akaanza upya.

Visiki vilimpa upana wa kishikio, lakini si mwinamo wake. Basi akamtafuta mzee nyumbani kwake, akiwa amebeba lile tairi halisi la akiba begani. Alikwenda mara mbili. Binti aliporudi kutoka kazini aliwakuta sebuleni, tairi limeegemezwa kwenye meza, babake anainua mguu wa kulia na Milimita amepiga magoti na rula, anapima soli ya kiatu ilipotua.

Kisha akaja kwangu na maneno ya kibao kipya. Nilikiandika kama alivyotaka: tairi la akiba lilikuwa ubavuni kulia, lilihamishwa na karakana ya makumbusho haya, kwa mkono wa fundi mkuu wa sasa. Nilimsihi tuifute sehemu ya mwisho. Alisema hiyo ndiyo sehemu iliyopimwa vizuri kuliko zote.

Siku ya ufunguzi mzee alikuja na binti yake. Binti alisoma kibao, akainama kwenye kioo akalitazama lile tairi dogo, akarudi kukisoma tena. Halafu akamketisha baba yake kwenye benchi, akakaa naye, akamshika mkono na kumwomba amsimulie kisa kile tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Mzee alisimulia, na safari hii hakuna aliyemwambia yaishe.

Mzee wetu dereva, nisamehe. Milimita, ahsante kwa kutufundisha kwamba kosa la zamani bado linaweza kurekebishwa na aliyelifanya. Nenda kapumzike na mama watoto, uzima na furaha viwe nawe siku zote.