Thumna Akiuliza Habari

Sogeeni, wanangu, na wewe Bakhiti acha kuzungukazunguka hapo mlangoni, keti, maana shingo yangu haiwezi tena kukufuata. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mimi Mahad, baba yenu, nawausia haya nikiwa na akili zangu timamu, ingawa pumzi imeanza kunikimbia.

Ngamia ni wenu nyote, mgawane kwa sheria ya Mungu, na dada yenu Thumna asipunjwe hata ndama. Yule jike mweupe asiuzwe, kwa kuwa maziwa yake ndiyo yaliyomlea Thumna baada ya mama yenu kufariki. Gari la maji ni la Bakhiti, kwa sharti asimnyime jirani maji hata kama wamekosana.

Sasa nije kwenye lile linalonikosesha raha. Thumna, kesho baada ya swala ya alfajiri mnarusha roketi kule kituoni kwenu, nawe ndiwe wa kuwauliza walinzi kwa redio na kusema kama jangwa ni tupu au lina watu. Lakini tangu juzi umeng'ang'ania mguu wa kitanda hiki, kwa sababu kaka yako amesema, "Binti gani huyo, baba anakata roho, yeye anakwenda kutazama moto?" Nimesikia, Bakhiti. Mimi naumwa kifua, siumwi masikio.

Hasira yako naijua, ni ule uzio wa kituo cha roketi. Walipokuja wale wa mwanzo na vijiti vyao vya kupimia tuliwacheka, tukawapa kahawa, kumbe wanaweka hema, hema likawa banda, banda likazaa uzio, na mighafu, miti tuliyokuwa tukipumzishia ngamia kivulini, ikabaki ndani. Iliniuma, na bado inaniuma. Hata roketi ya kwanza waliileta wageni, ikapanda kidogo, ikatumbukia baharini, nasi tukarudi nyumbani tukicheka. Lakini hii ya kesho inabeba setilaiti iliyoundwa na watoto wa nchi hii, wanaokula wali na papa mkavu kama wewe, nayo itasema mvua imenyesha bonde gani. Mimi nimekimbizana na mawingu maisha yangu yote, mwanangu, na mara nyingi nilifika nikakuta vumbi.

Mnakumbuka ya binamu yenu Luweti, alipowekwa kulinda kule jangwani? Wahandisi wa Maskati wakamwita kwa redio, "Luweti, habari?" Naye, kwa adabu zetu sisi Waharasisi, akajibu kama tunavyojibu sote kabla kahawa haijanywewa, "Hakuna habari, ila kheri." Basi! Wakaanza kuhesabu sekunde za kurusha! Mwenzao ametulia, anangoja aulizwe tena kistaarabu, ndipo aseme kwamba wanawake wa kina Ghusn wako mle kwenye eneo la hatari na mbuzi wao. Ni Thumna aliyepiga kelele, "Simamisheni! Huyo hajatoa habari, hiyo ni salamu tu!" Tangu siku hiyo akaweka sheria kwamba kwenye redio baya husemwa kwanza. Lakini kesho walinzi ni ndugu zetu wale wale, wanasahau, ulimi unarudi kwenye mazoea, na katika chumba kile hakuna mwingine anayeujua ukimya wao. Akikosekana, kuna watu watakufa.

Kwa hiyo nenda, mama. Radhi zangu unazo, za jana na za kesho. Usinibusu mara ya pili, nitakushika nisikuachie. Nenda.

Ameondoka? Nasikia gari... Subirini lifike barabarani.

Bakhiti, inama, sauti inakwisha. Alfajiri sitaiona. Utaniosha wewe, si mtu mwingine, mnizike upesi karibu na mama yenu, msimngoje mtu. Na Thumna atapiga simu, namjua, atapiga kabla ya kuingia kwenye kile chumba. Atauliza habari. Nawe umjibu kama tulivyolelewa, hakuna habari, ila kheri. Usilie. Hata pua usivute. Sheria yake ni ya redio, hii ni simu ya nyumbani. Ataelewa, amezaliwa humu, lakini atakuwa na haki ya kutojua mpaka kazi iishe.

Halafu uende wewe mwenyewe. Mpaka kwenye uzio, huo huo unaouchukia. Umsubiri na birika la kahawa, na tende. Mnyweshe kwanza... akishakunywa, ndipo umpe habari. Usimtume Luweti.

Maji. Kidogo tu... basi.

Mungu awaridhie. Mimi nimewaridhia, nyote, na wewe mkaidi... wewe zaidi.

Hebu tujaribu, nisikie. Mimi ndiye Thumna, napiga simu. Kaka, habari za huko?

Sauti yako inatetemeka. Tena.

Bakhiti... habari?