Kwa Miguu Hiyo Hiyo

Jumamosi, kwenye basi la kwenda Rahaleo, Mwalimu Abdulrahmani alikaa nyuma ya wanawake wawili wasiojuana, ingawa walishaambiana mambo yote ya nyumbani.

“Mwanangu Fikirini kachapwa jana shuleni,” alisema mwenye kikapu cha mihogo. “Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa anatoka alfajiri kwa miguu. Kaulizwa ‘kwa miguu’ Kiingereza chake nini, kasema *by foot*. Kumbe *on foot*!”

“Hilo tu?”

“Hilo tu, mwenzangu. Karudi anachechemea, kwa miguu hiyo hiyo.”

Mwalimu, aliyeichagua mwenyewe fimbo ya kumchapia Fikirini, alitazama mikorosho dirishani hadi basi likasimama.

“Nishushie kikapu, mwanangu,” mama alimgeukia. “Mungu akulipe. Unafanya kazi wapi?”

“Bandarini,” alijibu Mwalimu.