Gauni la Zambarau Mbele ya Kamera

Jambo moja Fundi Cherehani hakulipatia jibu maisha yake yote: gauni alilolikata kwa mkono wake, zambarau tupu, lilifikaje likiwa buluu kwenye simu ya mtu? Lilikuwa la binti wa kaka yake, na harusi ni kesho. Mama wa bwana harusi alitumiwa picha, akang'aka: tulikubaliana zambarau, lishonwe jingine, la sivyo siji. Fundi akalileta kijiweni, akalitundika kwenye dirisha la Kinyozi, na Muuza Kahawa akammiminia bila kuombwa.

— Kosa si lako, alisema Profesa, ambaye hutengeneza simu na kamera mtaa wa pili. Kamera haijui rangi. Ndani ina vitundu vidogo mno, kila kimoja kimefunikwa kioo chake: chekundu, kijani au buluu. Chenye kioo chekundu kinapokea nyekundu tu.

— Na rangi nyingine? Fundi aliuliza.

— Wanaulizwa majirani, vile vitundu vya pembeni, halafu inakisiwa.

Kinyozi aliweka kikombe chini.

— Yaani picha ya kitambulisho changu, theluthi mbili ni umbea?

— Makadirio, bwana.

— Umbea!

— Na vya kijani ni mara mbili ya vyekundu au vya buluu, Profesa akaendelea. Macho yetu yanaiona kijani vizuri zaidi.

— Macho ya nani? alifoka Muuza Kahawa. Mimi nani kaniuliza?

— Mke wangu nilimchagua kwa picha, Kinyozi akasema polepole. Basi theluthi moja ndiyo yeye. Hizo mbili nimeoa majirani.

— Ndiyo maana wageni hawaishi kwako! akadakia Muuza Kahawa.

Wakaamua kuwa kamera wao wenyewe. Profesa alishika karatasi nyekundu ya peremende, Fundi ya buluu, wenzao chupa za kijani. Kila mtu akafumba jicho moja.

— Nyekundu ipo kiasi, alisema Profesa.

— Buluu nyingi, Fundi alikiri.

— Kijani hakuna kitu, alisema Muuza Kahawa. Jirani, wewe je?

— Mimi na wewe hatusemezani tangu useme yale ya wageni wangu, Kinyozi akajibu.

— Basi picha imeharibika!

Hapo bibi harusi akatokea, akawakuta watu wazima wanne wamelikodolea gauni lake jicho moja moja.

— Shikamooni. Baba mdogo, huyo mama mkwe gauni lenyewe ameliona?

Profesa alikohoa.

Shauri likakatwa: lipelekwe, aliangalie kwa macho yake. Kinyozi akakumbuka ana mteja. Profesa akakumbuka simu aliyoiacha wazi mezani. Muuza Kahawa akainama kuchochea makaa yaliyokwisha kuzimika. Fundi akalitungua gauni, akaliinua juu pindo lisiguse vumbi, akashika njia peke yake.